Kiumbe wa Chemchemi ya Mama

Nikiulizwa kazi yangu kwenye harusi au nje ya kanisa, husema nafundisha chuo kikuu hapa Kakamega, nikitumaini mtu ataridhika na hilo. Mara nyingi haridhiki. Unafundisha nini? Viumbe wa majini. Samaki? Hapana, wadogo zaidi. Vyura? Hapo hulazimika kueleza kwamba nashughulika na viumbe wa seli moja tu, wasioonekana bila darubini, na kwamba kila mmoja ana nyuzi ndefu nyembamba za kujisukuma nazo, ambazo tunaziita mijeledi. Kisha huja swali nililolichoka: hao wanaleta ugonjwa gani? Wengi wao hawaleti ugonjwa wowote. Wanakula bakteria, nao wanaliwa na wengine, basi. Watu wakisikia hivyo hunionea huruma. Mjomba mmoja aliwahi kunishika mkono akanisihi nisikate tamaa, eti kazi nzuri itapatikana tu.

Mama hakunionea huruma. Alikuwa mjane, mkulima wa mahindi na miwa kidogo huko nje ya Malava, na hakuona ajabu yoyote mtu kushughulika na vitu vidogo. Yeye mwenyewe angeweza kukaa asubuhi nzima akichagua wimbi na kutoa vijiwe. Aliniita "mama" kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na kila nilipompigia simu aliuliza kwanza kama nimekula, kisha akauliza, "Na wale wadudu wako, mama, wanaendeleanga aje?"

Nilishaacha kumwambia si wadudu.

Kazi yangu hasa ni kuwapanga: huyu ni wa ukoo gani, yule ni wa ukoo gani. Ingekuwa kazi rahisi kama sura zao zingesema ukweli. Wataalamu wa zamani waliwatazama kwa darubini, wakaona umbo la haragwe, mjeledi mmoja mbele na mwingine ukiburutwa nyuma, wakawapa wote jina moja na kwenda zao. Siwalaumu, maana hata mimi nikiwatazama leo naona haragwe lenye mijeledi miwili. Lakini siku hizi tunaweza kusoma jeni zao, na jeni zinatuambia kwamba chini ya lile jina moja kuna umati mzima. Niliwahi kutoa wawili kutoka dimbwi moja karibu na soko, wanafanana huwezi kuwatenganisha hata ukitishwa, kumbe wako mbali kijeni kuliko mbuzi na ng'ombe. Inaudhi na inavutia. Nimetumia nusu ya maisha yangu nikiudhika hivyo.

Krismasi moja nilipokuwa nyumbani nilichota maji kwenye chemchemi yetu. Ilikuwa chini ya boma, bondeni, kati ya nduma na miwa, mawe manne na bomba la chuma ambalo baba alilitia kabla sijazaliwa. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na chupa safi kwenye mkoba, na mkono wangu umezoea kuchota. Niliporudi mjini nilitenga kiumbe mmoja kwa mrija mwembamba wa kioo niliouvuta juu ya moto, nikamweka peke yake kwenye maji ya chemchemi yaliyochemshwa na kuchujwa, pamoja na punje mbili za wimbi. Wimbi hulisha bakteria, bakteria wanamlisha yeye. Akajigawa, wakawa wengi. Kwa darubini walikuwa haragwe lenye mijeledi miwili kama wote. Jeni zao ziliposomwa, hazikuingia mahali popote. Nilirudia kazi mara kadhaa nikidhani nimechafua sampuli. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: yuko kwenye tawi lake mwenyewe, peke yake, hana ndugu wa karibu anayejulikana.

Nikampigia mama.

"Huko kwa maji yetu?" akauliza.

"Huko huko."

"Na tumekuwa tukimkunywa?"

"Ndiyo mama. Tangu uolewe hapo."

Alicheka mpaka akakohoa, na nikamsikia akimwambia jirani aliyekuwa naye maneno fulani kwa lugha yetu, yule naye akacheka.

Muda si mrefu baadaye alikuja Kakamega kliniki ya presha, akapitia maabara kuniona. Nilimpandisha kwenye stuli ndefu, nikamvua miwani, nikamwonyesha pa kuweka jicho. Ilichukua muda kwa sababu alikuwa akifumba jicho ambalo lilitakiwa kuangalia. Kisha akatulia kabisa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikiona kitambaa chake cha kichwa na shingo yake, na mikono yake ikiishikilia meza kana kwamba ingeondoka.

"Anatembea kama mtu anavuta mguu," akasema mwishowe. "Si anaumwa?"

"Haumwi. Ule ni mjeledi wa nyuma. Ndivyo anavyotembea."

"Anaitwa nani?"

Nikamwambia hana jina bado. Aligeuka akanitazama kwa macho yale yasiyo na miwani, na niliona amekwazika kweli. Mtu wa kwetu, akasema, hana jina? Kwa hiyo nimeenda shule miaka yote hiyo ili nimwache mtu wa kwetu hivyo? Nilijaribu kumweleza kwamba jina haliji hivi hivi. Lazima apigwe picha kwa darubini kubwa ambayo sisi hatuna, na foleni ya hiyo ya Nairobi ni ndefu. Lazima mbegu yake hai ihifadhiwe mahali ambapo wengine wanaweza kuja kuhakikisha sisemi uongo. Mpaka siku hiyo, kazi ni moja tu, kumweka hai. Mama alisikiliza yote, akavaa miwani yake. "Basi muweke hai," akasema.

Nikamuuliza kama nimpe kiumbe jina lake yeye, mama. Akakataa katakata. Akasema nimpe jina la chemchemi, maana ndiyo iliyomzaa.

Kumweka hai hakukuwa rahisi, kwa sababu alikuwa mteuzi kuliko bibi harusi. Viumbe wangu wengine hukua kwenye maji yoyote mazuri. Huyu nilimjaribu kwa maji ya mvua, ya chupa, ya mfereji, hata ya chemchemi ya jirani iliyo ng'ambo ya bonde. Kila mara alifanya vivyo hivyo: akapunguza mwendo, akajikunja kuwa duara, akasimama. Ukimrudisha kwenye maji ya kwetu, anaamka. Sikuwahi kujua ni chumvi gani au kitu gani alichokuwa akikitafuta humo, ingawa niliyapima maji yale kwa kila namna niliyoweza. Basi nikawa namtegemea mama. Alijaza mtungi wa plastiki, akafunika mdomo kwa kipande cha leso yake kuukuu kabla ya kukaza kifuniko ili usivuje, akautuma na bodaboda mpaka barabarani, na makanga wa matatu akaniletea stejini.

Halafu chemchemi ikaanza kukauka. Mikaratusi ilikuwa imepandwa bondeni, kwanza na jirani, kisha na mdogo wangu, ambaye ndiye kijana pekee aliyebaki bomani. Nguzo za miti hiyo zina soko, naye alikuwa na watoto shuleni. Nilimkasirikia kwa muda, na nikasema maneno, lakini bonde zima lilikuwa limepandwa, na sijui kama mti wetu ndio ulikunywa tone la mwisho ama wa mtu mwingine. Mama aliendelea kukinga. Alipeleka kikombe pale kwenye bomba, akakaa na kazi yake ya kuchambua mboga, kikijaa anamimina mtungini, anarudisha. Alinitumia mtungi wa mwisho hivyo, kikombe kwa kikombe.

"Hii tumia polepole, mama," akaniambia kwenye simu. "Bomba sasa inatoa tu hewa."

Niliuweka chini ya meza yangu ya kazi. Ulikuwa mtungi wa manjano kama mitungi yote ya Kenya. Nilikuwa nimebana matumizi kiasi kwamba ungetosha mpaka zamu yetu ya darubini ifike, na zamu ilikuwa imekaribia.

Mama alifariki wakati wa mahindi mabichi. Alianguka jikoni asubuhi, na alipofikishwa hospitali alikuwa ameshaondoka. Mdogo wangu alinipigia nikiwa darasani. Nilimsikiliza, nikaiweka simu mezani, nikamaliza sentensi niliyokuwa nikiandika ubaoni. Sijui kwa nini niliimaliza. Wanafunzi waliinakili.

Kabla sijaondoka mjini nilimwita fundi wetu wa maabara, mtu mtaratibu ambaye ameshika chupa zangu miaka mingi. Wale viumbe wa nyumbani wangehitaji kuhamishwa kwenye maji mapya wakati nikiwa matangani. Nilitaka kumwelekeza, naye akanizuia kwa upole. "Usijali, Daktari. Nenda uzike mama. Hawa nitawaangalia." Nilimwamini, na mpaka leo namwamini.

Kwetu mtu haachwi kuzika peke yake. Siku ya mazishi idara yote ilikuja kwa basi la chuo, na idara jirani zikajazia viti. Walikuwa wamefanya kikao, wakachanga sukari, unga, majani ya chai. Na mtu mmoja, aliyewahi kunisikia nikilalamika kwamba nyumbani sasa maji yanafuatwa mbali, akasema: tuwapelekee maji pia, watu ni wengi, watapika na nini? Lilikuwa wazo zuri. Asubuhi hiyo mifereji ya chuo ilikuwa mikavu, kama inavyokuwaga, kwa hiyo wakakusanya kila mtungi uliojaa uliokuwa jengoni, wa stoo, wa ofisi, wa maabara. Fundi wetu hakuwepo kuwazuia. Alikuwa ametangulia kwetu tangu jana yake kusaidia kusimamisha hema.

Niliwaona wakishuka. Walishuka wakiimba, wanaume wamebeba mitungi mabegani, profesa wetu mzima akiwa na mmoja, suti imelowa upande. Wanawake wa jikoni waliwapokea kwa vigelegele kwa sababu maji yalikuwa yameanza kuwaishia. Nilisimama karibu na jeneza, nikajisikia mwenye watu. Katika siku zile zote hiyo ndiyo saa pekee niliyopata nafuu.

Tukamzika. Jioni ilipokaribia nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, na senge, ndivyo kwetu tunavyomwita dada ya baba, akaniletea chai. Senge alikuwa ameolewa kijiji cha pili lakini alikulia pale, na alikuwa hajala tangu asubuhi akihudumia wengine. Akajishusha karibu nami taratibu, akiugulia magoti.

"Kunywa, mwanangu. Chai ya leo ni tamu. Iko tu kama ile ya zamani, ya maji ya mama yako."

Nikanywa. Ilikuwa ya moto na ina sukari nyingi, na nilikuwa na kiu kuliko nilivyojua. Nilikuwa nimefika nusu ya kikombe maneno yale yaliponifikia. Sijui kama kweli aliyatambua maji, ndani ya maziwa na majani vile, ama alisema tu kitu cha kunifariji. Niliweka kikombe chini, nikaenda nyuma ya jiko.

Mitungi ilikuwa imerundikwa kando ya kuni. Ule wangu ulikuwa umeinamishwa ili ukauke, na kifuniko chake kilikuwa pembeni, chini, kikiwa bado kimeshika kipande cha leso ya bluu. Nilikiokota. Wanawake waliokuwa wakisonga obusuma waliniona nikiwa nimesimama pale.

"Unatafuta nini, mama?"

"Kikombe," nikasema.

Wakanipa kikombe, kisafi, kimefutwa kwa khanga. Nikakishika.

Hakuna niliyemkasirikia, na hilo ndilo lililonishinda. Ningependa kumkasirikia mtu. Lakini unamkasirikiaje profesa aliyelowesha suti yake? Unawaambiaje watu walioacha kazi zao kuja kulia nawe kwamba wamepika kitu ambacho hakipatikani tena duniani, na kwamba nawe umekinywa nusu kikombe? Nilimwambia fundi peke yake, nyuma ya hema. Alikaa juu ya jiwe, akashika kichwa. Akataka kuondoka saa hiyo hiyo, na nikamwacha aende na basi. Alisema angeyachuja maji ya zamani kwenye chupa na kuwarudishia viumbe yale yale, wakae nayo kidogo.

Mimi sikwenda. Kwetu binti haondoki kabla ya siku ya kunyoa, wafiwa wanaponyolewa nywele siku chache baada ya mazishi, na hata kama ningeruhusiwa, nisingeondoka. Kaburi lilikuwa bado bichi. Nyumba ilikuwa na harufu ya mama kwenye kila kitambaa. Kuna watu watakaofikiri nilipaswa kuchagua, na kwamba nilichagua vibaya. Sikuona chaguo lolote pale.

Fundi alinipigia kila siku. Wanatembea, Daktari, lakini polepole. Kisha: baadhi wamejikunja. Kisha akawa anaeleza habari za hali ya hewa mjini.

Nilimweleza mdogo wangu yote. Alichukua jembe, tukateremka bondeni pamoja. Alichimba nyuma ya yale mawe manne, akakata mizizi ya mikaratusi minene kama mkono, akachimba tena, akavua shati. Alikuwa amechimba kaburi la mama na vijana wenzake siku chache kabla, na viganja vyake vilikuwa bado na malengelenge. Hakukuwa na maji. Kulikuwa na udongo wenye unyevu, mweusi. Tuliuweka kwenye kitambaa tukaukamua, yeye upande huu na mimi upande ule, tukapata tope jepesi la kujaza chupa ndogo. Baadhi ya viumbe hawa huweza kujificha udongoni wakiwa wamejifunga ganda, wakingoja maji. Nilimwambia hivyo. Akauliza, "Kwa hiyo anaweza kuwa hapo?" Nikamwambia anaweza.

Tukanyolewa. Nilirudi Kakamega na kichwa kitupu na chupa ya tope mkobani. Kwenye chupa za zamani hakukuwa na kitu kinachotembea. Nilizitazama zote, moja baada ya nyingine, fundi akiwa amesimama mlangoni hataki kuingia.

Tope nililitia punje mbili za wimbi na maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi yoyote, ili udongo wenyewe uyape ladha ya chemchemi, nikangoja. Baada ya siku kadhaa nikaweka tone chini ya darubini, na pale, kati ya uchafu, akapita mmoja. Umbo la haragwe. Mjeledi mmoja mbele, mwingine ukiburutwa nyuma. Anatembea kama mtu anavuta mguu.

Sikungoja jeni. Mimi, ambaye huwafokea wanafunzi wangu kila muhula kwamba sura si ushahidi, nilimpigia mdogo wangu nikamwambia nimempata. Alipiga ukelele, nikasikia watoto wake wakikimbilia kuuliza kuna nini. Fundi alikuja akatazama kwa muda mrefu, akaniambia, "Ndiye, Daktari." Wiki zile nilikula vizuri. Nililala. Nilipokuwa sokoni niliona kwa mbele mwanamke mwenye mgongo wa mama na leso kama yake, na sikuumia kama nilivyokuwa nikiumia, nilipita tu.

Majibu yalipokuja niliyafungua nikiwa nimesimama. Hakuwa yeye. Alikuwa yule wa kawaida kabisa, ambaye nina chupa zake kutoka mtaro wa stejini, kutoka birika la kunyweshea ng'ombe, kutoka bwawa la samaki. Yuko kila mahali. Pengine aliingia bondeni na kwato za mifugo, pengine alikuwepo siku zote. Nilirudi kwenye darubini nikamtazama tena, nikitafuta ni wapi nilipaswa kuona tofauti. Hapakuwa na tofauti ya kuona. Alipita mbele yangu akivuta mguu.

Nikampigia mdogo wangu. Alikuwa shambani, upepo ukivuma kwenye simu. Nilimweleza majibu.

"Lakini ukimwangalia hivi," akasema, "wanafanana?"

"Wanafanana kabisa."

"Basi si umpe huyo hilo jina? Nani atajua?"

Nikamwambia siwezi. Alisema sawa. Hakubishana nami, na nilijua hakuwa amesema kwa kudanganya mtu, alitaka tu nisirudi kule nilikokuwa. Nilitaka kumweleza vizuri ili anielewe, kwamba yule wa chemchemi hayupo tena, hata tukichimba bonde lote, hata tukikata kila mti. Nilifungua mdomo kumwambia kiumbe yule amekufa.

"Mama amekufa," nikasema.

Nililisema kama habari mpya, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuipokea sasa hivi. Nilisikia upepo upande wake, kisha nikamsikia akiweka jembe chini.

"Najua, dada," akasema. "Najua."